Methani Haina Harufu

Uongo wa Ewald Kuczera ulikuwa na uzito wa kilo kumi na moja. Ulikuwa mtungi wa gesi wa jikoni kwake. Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimba migodi, aliupakia kwenye toroli, akaufunika gunia la viazi, akapita nao nyuma ya bustani za watu mpaka kwenye uwanja wa visima. Theluji ilikuwa imeanguka kidogo tu, kiasi cha kuonyesha alama ya gurudumu. Kila alipogeuka aliiona ile alama ikimfuata kama mbwa wa nyumbani.

"Baba Adela!" mkewe Cecylia alikuwa amemwita kutoka dirishani. "Mtungi uko wapi? Nina madonge ya kluski ya kuchemshia wageni hapa!"

"Tumia jiko la makaa la mama," alijibu bila kusimama.

"Siku ya sikukuu? Kwani mtungi nao umekwenda kanisani?"

Aliinamisha kichwa akasukuma.

Chini ya kijiji cha Olszowice, chini hata ya mashimo ya mgodi wa zamani ulioitwa Rozalia, kuna matabaka ya makaa ya mawe ambayo hakuna binadamu atakayeyachimba. Ni membamba, na yako mbali mno chini. Mgodi ulipofungwa, wazee walisema makaa yale yameachiwa Mungu. Kisha wakaja wataalamu, wengine kutoka Kraków na wengine kutoka nchi za nje, wakatoboa visima viwili katika shamba lililokuwa la kabichi. Kwenye kisima cha kwanza walisukuma chini hewa ya ukaa iliyoletwa na malori, baridi na majimaji. Kisima cha pili walikiacha wazi, wakisubiri kitoe methani.

"Methani imeyang'ang'ania makaa," injinia Wrzosek, mwanamke mwembamba wa miwani, aliwaeleza wanakijiji siku ya kwanza. "Lakini makaa yanaipenda hewa ya ukaa zaidi. Yakiipata hiyo, methani yanaiacha iende zake. Sisi tunapata gesi ya kuchoma, na ile hewa inayoharibu anga inabaki kifungoni huko chini."

"Kumbe makaa nayo ni kama wanaume," alisema Zeflik Bula kutoka nyuma. "Yakipata mchumba mpya, wa zamani anafungishwa virago."

Watu walicheka, na tangu siku hiyo mradi ule haukupata heshima. Ewald alipoajiriwa kuiangalia pampu, Zeflik, aliyefanya naye kazi chini ya ardhi tangu ujana wao, alimbatiza jina, maana hewa ya ukaa ndiyo inayotia soda mapovu. Wakikutana dukani: "Habari, mwuza soda!" Wakikutana kanisani: "Vipi, panya wa huko chini wanacheua?" Ewald alicheka pamoja nao. Lakini akifika nyumbani alikaa na buti miguuni muda mrefu, kama mtu asiyejua kama ameingia au anatoka.

Ndipo mwezi wa Novemba kisima cha pili kikatoa gesi. Waliiwashia kwenye bomba la chuma, refu kama mtu, nayo ikawaka mwali wa buluu usiotikisika. Jumapili iliyofuata Ewald alimwendea Padri Joachim kwenye chumba cha mavazi, akamwomba waje siku ya Mtakatifu Barbara, baada ya misa, pamoja na bendi, waubariki moto ule. Padri alifurahi sana. Alilitangaza jambo hilo altareni, na vichwa vyote vikageuka kumtazama Ewald. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mgodi ufungwe kwamba watu walimgeukia pasipo mzaha.

Wiki moja kabla ya sikukuu, mwali ulififia, ukazimika.

"Makaa yamevimba," injinia Wrzosek alimwambia kwa simu kutoka Kraków. "Yanavimba yakinywa ile hewa, kama maharage yaliyolowekwa. Nyufa zilizokuwa njia ya gesi zimebanwa. Pampu inasukuma, lakini chini hakuna anayepokea."

"Mpaka lini, mama?"

"Labda mpaka theluji iyeyuke. Tutayapasua kwa maji ya nguvu. Bwana Ewald, hapa hakuna mwenye kosa. Ndiyo maana yanaitwa majaribio. Waambie tu wageni wako. Hao ni wachimbaji, wataelewa kuliko mtu yeyote."

Alisema kweli. Wangeelewa. Zeflik angecheka siku mbili tatu, basi. Na Ewald alikuwa ameshavaa koti aende kwa padri, siku hiyohiyo, wakati shemeji yake Otylia alipobisha hodi.

Otylia alikuwa mjane wa kaka yake, Rajnhold. Rajnhold alikufa mgodini, katika mlipuko wa methani, zamu ya asubuhi. Ewald alikuwa zamu ya mchana. Hapakuwa na zaidi ya hapo, wala hapakuwa na wa kulaumiwa, ila tangu mazishi Otylia hakuweza kumtazama usoni yule aliyebaki. Walisalimiana njiani kwa ile salamu ya wachimbaji, "Mungu akujalie heri," naye aliisema akiangalia kola ya shati lake. Gesi hakuiruhusu iingie nyumbani kwake. Alipikia makaa, na watu walipoletewa bomba la gesi mtaa mzima, yeye peke yake aliwafungia mafundi lango.

Sasa alisimama mlangoni kwa Ewald, skafu imejaa theluji, akamtazama machoni.

"Nasikia mmeitoa huko chini," alisema.

"Ndiyo, shemeji. Kidogo."

"Ile ileile?"

"Ileile."

"Na inawaka tu, taratibu? Haimdhuru mtu?"

Hapo ndipo angepaswa kusema. Neno lilikuwa moja tu: imezimika. Lakini ilikuwa miaka mingi hajayaona macho ya Otylia, alikuwa amesahau kwamba ni ya kijivu.

"Inawaka kama mshumaa," alisema Ewald.

"Basi nitakuja. Nataka kuiona uso kwa uso. Nimeiogopa vya kutosha."

Alipoondoka, Ewald alivua koti akalitundika.

Hivyo asubuhi ya sikukuu aliuficha mtungi ndani ya kibanda cha vifaa, akaufungia mpira wa gesi, akaupitisha chini ya udongo na theluji mpaka kwenye bomba la moto. Alifanya haraka, na ile klipu ya kubania mpira haikukaza vizuri. Alijaribu kusali Salamu Maria. Alipofika "utuombee sisi wakosefu, sasa," alinyamaza, maana lile "sasa" lilikuwa kama mtu aliyemshika bega.

Baada ya misa walikuja wote. Bendi ilitangulia na manyoya mekundu kwenye kofia zao, halafu wachimbaji wa zamani na manyoya yao meusi, halafu wanawake na watoto. Walikanyaga shamba la kabichi wakalizunguka lile bomba. Padri Joachim alisoma sala, akanyunyiza maji ya baraka, na matone yakaganda palepale kwenye chuma. Kisha akampa Ewald ishara kwa kichwa.

Ewald aliingia kibandani akaufungua mtungi, akatoka na kijiti chenye kitambaa kinachowaka. Upepo ukakizima. Akakiwasha tena, ukakizima tena. Muda wote huo gesi ilikuwa ikitoka, bombani na kwenye ile klipu iliyolegea, na upepo ulikuwa ukielekea kwa watu. Mara ya tatu moto ulishika kwa kishindo kidogo, ukapanda juu, wa njano, na ncha yake ikatoa moshi mwembamba mweusi.

Ewald alisubiri mzaha wa Zeflik kama mtu anayesubiri kofi. Zeflik alikuwa akiutazama moto kwa macho membamba. Kisha akamtazama Otylia, aliyekuwa amesogea mbele peke yake. Akaivua kofia yake taratibu, akaishika kifuani. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, mpaka vichwa vyote vikawa wazi kwenye baridi.

"Kumbe ndiwe wewe," Otylia aliuambia moto.

Alisimama karibu mpaka mashavu yakamwiva. Hakulia. Alitabasamu, tena si kidogo, na wanawake waliomjua walishikana mikono. Kisha akafungua mkoba akatoa mshumaa wa makaburini, ule wa kwenye glasi nyekundu yenye kifuniko.

"Shemeji," alimwambia Ewald, "niwashie. Nampelekea Rajnhold."

Ewald alikishusha kijiti. "Shemeji, upepo huu... utazimika njiani."

"Nitauzuia kwa koti. Niwashie."

"Labda siku nyingine, wakati..."

"Ewald, watu wanapigwa na baridi. Washa."

Akawasha. Alichukua moto kwa kijiti, akautia kwenye utambi, na mkono wa Otylia ambao haukushika glasi ukafunika wa Ewald kwa muda mfupi, kwa shukrani. Mkono ulikuwa wa moto. Kisha akaenda zake kuelekea makaburini, amejikunja juu ya ule mwanga kama mtu aliyebeba kifaranga, na bendi ikampigia wimbo wa Mtakatifu Barbara mpaka alipopotea nyuma ya miti.

Mtungi ulikuwa umeanza kuota barafu. Mwali ukashuka, ukawa kidole, ukafa. "Imetosha kwa leo," alisema Ewald, na watu wakaondoka.

Mchana wanaume walikusanyika kwenye ukumbi wa zimamoto kwa karamu ya bia, kama kila mwaka. Utaratibu wa karamu hiyo ni wa zamani. Wanaume hugawanyika meza mbili, meza ya kulia na meza ya kushoto, na kila meza huitukana nyingine kwa nyimbo. Atakayeshindwa, au atakayenuna, hutiwa shingo na mikono kwenye mkatale wa mbao, akanyweshwa bia yenye chumvi huku wenzake wakimwimbia.

Ewald hakula. Kila aliyepita alimpiga bega. Hatimaye, katikati ya wimbo, alisimama juu ya benchi.

"Ndugu zangu!" alipaza sauti. "Nisikilizeni. Ule moto wa asubuhi haukutoka kisimani. Kisima kimeziba. Ulikuwa mtungi wa jikoni kwangu. Nimewadanganya, nimemdanganya na padri mbele ya maji ya baraka."

Kisha meza zote mbili zikalipuka kwa kicheko, watu wakagonga vikombe mezani.

"Mkatale! Mkatale!"

"Cecylia amepikia nini leo? Sala?"

"Mwuza soda sasa ni mwuza mitungi!"

"Nasema kweli!" Ewald alipiga kelele. "Sitanii!"

"Anasema hatanii! Mwongezeeni chumvi!"

Walimbeba, wakamtia mkataleni. Bia ya chumvi ilimtoka puani. Alikuwa akilia, na kwa kuwa uso wake ulikuwa umelowa tayari, machozi hayakujulikana. Alifikiri: nimesema ukweli mahali pekee duniani ambapo hautaaminika. Na ndani kabisa, kwa aibu, alisikia sauti ndogo ikimwambia kwamba basi, amesema, deni lake kwa Mungu limekwisha.

Zeflik ndiye aliyekuja kumfungua. Alichuchumaa mbele yake, nyuso zikakaribiana.

"Unadhani hawakukuamini?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Umewasikia."

"Ewald, rafiki yangu. Mwanamume gani humu ndani hakuishi na methani miaka ishirini? Methani haina harufu. Ndiyo maana iliua watu. Leo uwanja mzima ulinuka jiko la Cecylia, na moto wako ulitoa masizi kama taa mbovu. Tulijua kabla hujakiwasha kile kijiti mara ya pili."

Ewald hakuweza kuinua kichwa. Ubao ulikuwa umemshika shingo.

"Lakini mlivua kofia," alisema.

"Tulimvulia Otylia. Wewe ulitegemea nini, tucheke mbele yake? Yeye hajui harufu ya gesi ya jikoni, haijawahi kuingia kwake." Zeflik aliinua kabari ya mkatale. "Tumekubaliana hapa, meza zote mbili. Hakuna atakayesema. Ametabasamu leo, umemwona? Na wewe ulitaka kutupigia kelele za toba! Mwachie moto wake."

Alimfungulia. Ewald alijinyoosha, akawatazama wanaume wale. Walikuwa wamerudi kwenye nyimbo zao, wekundu, wenye furaha, watu wema. Alikuwa amefikiri aibu yake ni kudanganya kijiji. Sasa aliona kwamba hakudanganya kijiji hata kidogo. Alimdanganya mtu mmoja tu, yule mmoja aliyekuja kwake kwa macho wazi, na kuanzia leo kijiji kizima kingemtazama mtu huyo kwa huruma, dukani na kanisani, kila akipita na mshumaa wake. Wangemhurumia kwa upendo. Wala yeye asingejua kwa nini sauti zinashuka akiingia.

"Unakwenda wapi?" Zeflik alimshika mkono. "Ewald. Usiwe mjinga. Hiyo toba ni ya kukufaa wewe, siyo yeye."

"Inawezekana," alisema Ewald, na aliogopa kwamba ni kweli. "Lakini wewe ungependa sisi sote tujue jambo lako, na wewe peke yako hujui?"

Zeflik akauachia mkono.

Makaburini mwanga ulikuwa bado upo, mwanga mweupe wa jioni ya theluji. Otylia alikuwa ameketi kwenye kibenchi kando ya kaburi, na glasi nyekundu ilikuwa ikiwaka chini ya jina la Rajnhold.

"Umekuja kichwa wazi," alisema. "Utapata homa."

"Shemeji, moto huo hautoki chini."

Alimweleza yote akiwa amesimama. Alimwambia juu ya makaa yaliyovimba, juu ya simu ya injinia, juu ya koti alilolivua na kulitundika, juu ya mtungi. Hakujitetea. Alipomaliza, kunguru mmoja aliruka kutoka juu ya msonobari, theluji ikamwagika, na Otylia akamgeukia.

"Nani mwingine anajua?"

"Wanaume wote. Walinusa."

"Kwa hiyo walipovua kofia..."

"Walikuvulia wewe."

Uso wake ukabadilika polepole, kuanzia mdomoni. "Nimekaa hapa tangu asubuhi," alisema. "Nimemwambia kwamba nimekutana nayo. Kwamba imekuwa kitu cha kuchemshia maji, asiwe na kinyongo tena. Nimemwambia marehemu uongo, Ewald, kwa kinywa changu."

"Uongo ni wangu, shemeji."

"Kinywa ni changu."

Aliinama, akatoa kifuniko cha glasi, akauzima mshumaa kwa vidole viwili. Kisha akatoa kiberiti mfukoni, akauwasha upya, akarudisha kifuniko. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu anayefuta meza.

"Ni heri umesema leo," alisema. "Ningesikia kwa mwingine, nisingekanyaga tena kanisa mnalosali."

"Nisamehe, Otylia."

Alifikiri. Ewald aliona kwamba alikuwa akitafuta kwa kweli, kama mtu anayepekua kabati kumtafutia mgeni mkate.

"Leo sina," alisema hatimaye. "Uje kesho uulize. Uje wewe. Usimtume Cecylia na keki."

"Na kesho kama huna?"

"Utauliza keshokutwa."

Alisimama, akakung'uta theluji kwenye sketi, akapita bila kumgusa. Ewald alibaki. Alianza Baba Yetu, na safari hii aliifikisha mwisho, ingawa kwenye "utusamehe makosa yetu" ilimbidi arudie mara mbili.

Kesho yake alikwenda. Alibisha hodi, akasikia kiti kikisogezwa ndani. Mlango haukufunguliwa. Hakubisha mara ya pili, wala hakuondoka. Alisimama pale mlangoni, kofia mkononi, mahali ambapo kila aliyekwenda dukani asubuhi ile aliweza kumwona.